Meneja wa Mradi Anapokusukumia Lawama: Ulinganisho wa Njia Zilizo Mbele ya Mkandarasi

Mkandarasi wa ujenzi anayesukumiwa lawama na meneja wa mradi ana njia chache tu za kuchagua: kunyamaza na kuendelea na kazi, kukaa naye wakazungumza, kumwandikia notisi kwa mujibu wa mkataba, kumpita na kwenda kwa mwenye mradi, kupeleka mgogoro kwenye bodi ya kutatua migogoro au kwa mwamuzi, na mwisho kabisa kusimamisha kazi. Mengine yote, kuanzia kejeli za vikaoni hadi barua za hasira zinazonakiliwa kwa kila mtu, hayabadilishi chochote katika hesabu za mradi. Makala haya yanazilinganisha njia hizo kwa gharama yake, kwa muda unaohitajika, na kwa kile kinachobaki mkononi mwa mkandarasi iwapo njia aliyoichagua itashindikana. Kigezo hicho cha tatu ndicho ninachokipa uzito mkubwa kuliko vingine, kwa kuwa migogoro mingi haimalizwi na njia ya kwanza iliyojaribiwa, na kila njia inayofuata hutegemea vielelezo vilivyoachwa na ile iliyotangulia.

Mifano ya vifungu nimeichukua katika mikataba miwili inayotumika katika nchi nyingi. Wa kwanza ni ule wa FIDIC, Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri lililoanzishwa mwaka 1913, hasa Kitabu Chekundu katika matoleo yake ya 1999 na 2017, ambamo meneja huyu huitwa Mhandisi. Wa pili ni NEC (New Engineering Contract), uliotungwa Uingereza na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1993, ambao toleo lake la nne lilitoka mwaka 2017. Msomaji mwenye mkataba wa aina nyingine, au mwenye mikataba hii hii iliyofanyiwa marekebisho, asome vifungu vyake mwenyewe kabla ya kuhesabu siku, kwa kuwa muda uliowekwa katika masharti ya jumla hubadilishwa mara nyingi katika masharti maalumu.

Mgumu, au mkali tu?

Kabla ya kuchagua njia, mkandarasi hana budi kujiuliza kama kweli ana mgogoro. Meneja anayekataa zege lisilofikia nguvu iliyoainishwa, anayetaka nondo zikaguliwe kabla ya zege kumwagwa, au anayepunguza kiasi katika hati ya malipo kwa sababu vipimo vilivyodaiwa haviafikiani na vilivyopimwa, anafanya kazi ambayo analipwa kuifanya. Meneja wa namna hii anaudhi lakini anatabirika, na anayetabirika hupangiwa ratiba: ukaguzi unaombwa mapema, sampuli zinapelekwa maabara kwa wakati, na vipimo vinachukuliwa kwa pamoja na kusainiwa pande zote mbili siku hiyo hiyo. Kumwandikia notisi mtu kama huyo ni kupoteza muda wa ofisi na kujijengea sifa ya ukorofi isiyo na faida.

Mgumu wa kweli huonekana kwa dalili nyingine. Kuna asiyetoa uamuzi: michoro inachelewa, maswali ya kiufundi hayajibiwi, kisha ucheleweshaji unaandikwa kwa jina la mkandarasi. Kuna anayeamuru kwa mdomo akiwa amesimama kwenye jukwaa la ujenzi, na miezi miwili baadaye hakumbuki kuwa aliwahi kupita hapo. Kuna anayeandaa muhtasari wa vikao kwa ustadi wa kujikinga, hata kila tatizo linaishia na maneno kwamba mkandarasi achukue hatua. Na yupo, pengine kuliko wote, anayelaumu kwa sababu naye analaumiwa: bajeti ilikadiriwa pungufu kabla hajaajiriwa, usanifu ulitolewa nusu nusu, na mwenye mradi anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Huyu wa mwisho si adui, ingawa barua zake zinafanana kabisa na za adui, na kumtambua mapema kunaokoa fedha nyingi.

Kunyamaza dhidi ya kutoa notisi

Wanaonyamaza wana sababu zinazoeleweka. Mkandarasi anaogopa kukosa kazi inayofuata, au meneja amemwambia kwa upole kwamba mambo yote yataangaliwa katika hesabu ya mwisho, au yeye mwenyewe anaamini kwamba ukweli utajidhihirisha. Faida ya ukimya ni amani ya miezi michache, na amani hiyo ina thamani yake, sitaki kuidharau. Tatizo ni kwamba mkataba unaendelea kuhesabu siku wakati watu wametulia. Katika Kitabu Chekundu cha FIDIC, kifungu cha 20.1 cha toleo la 1999 na kifungu cha 20.2 cha toleo la 2017 vinamtaka mkandarasi atoe notisi ya madai ndani ya siku 28 tangu alipofahamu, au alipopaswa kufahamu, tukio linalozaa madai hayo. Akizipitisha, hapati nyongeza ya muda wala malipo, na mwenye mradi anaondolewa dhima. Toleo la 2017 linaacha nafasi ya notisi iliyochelewa kufikiriwa pale mazingira yanaporuhusu, lakini nafasi ya namna hiyo haifai kuwa tegemeo la mtu anayepanga biashara yake. NEC inatoa wiki nane kwa matukio mengi ya fidia, yaani yanayompa mkandarasi haki ya muda au malipo zaidi, isipokuwa yale ambayo meneja mwenyewe alitakiwa kuyatangaza, kwa mfano yanayotokana na agizo lake.

Tuchukue mfano wa michoro ya nondo za sakafu ya ghorofa ya pili ambayo haikutolewa kwa wakati. Mkandarasi aliyenyamaza anawahamishia mafundi wake katika kazi ndogo ndogo, anawapunguza vibarua ili asiwalipe bure, na winchi iliyokodiwa inasimama. Wiki tano zinapita. Miezi kadhaa baadaye, ratiba inaonyesha kwamba jengo limechelewa, na meneja anamwandikia mwenye mradi kwamba mkandarasi hakuwa na nguvukazi ya kutosha katika kipindi hicho. Shajara ya kila siku ya saiti inafunguliwa, na kweli inaonyesha watu wachache. Kumbukumbu hiyo ni sahihi, mkandarasi ndiye aliyeiandika kwa mkono wake, na sasa inamshitaki, kwa sababu iliandikwa idadi ya watu bila kuandikwa sababu ya uchache wao. Fidia ya ucheleweshaji inakatwa katika hati inayofuata ya malipo, na siku 28 zimekwisha zamani.

Mkandarasi aliyetoa notisi katika hali hiyo hiyo alihitaji ukurasa mmoja. Unataja mchoro unaosubiriwa, tarehe ulipohitajika kwa mujibu wa ratiba, kazi zinazokwama, kifungu kinachotumika, na kauli kwamba madai ya muda na gharama yatafuata. FIDIC ya 1999 ina kifungu mahususi cha 1.9 kuhusu michoro na maagizo yaliyochelewa, na maelezo kamili ya madai yanapaswa kufuata ndani ya siku 42 chini ya toleo hilo, au siku 84 chini ya toleo la 2017. Notisi nzuri hutaja tukio, na haina haja ya kumtaja mtu. Neno kama uzembe halihitajiki, wala historia ya manung'uniko ya miezi iliyopita. Anayeisoma baada ya miaka miwili, awe mjumbe wa bodi au msuluhishi, anatafuta tarehe na madhara.

Pingamizi la kawaida ni kwamba notisi huharibu uhusiano. Ni kweli, iwapo ya kwanza inafika mwezi wa nane ikiwa na rundo la malalamiko nyuma yake. Zikianza kutolewa wiki za mwanzo, kwa lugha tulivu na kwa mambo yanayostahili, huwa za kawaida kama hati za kupokelea saruji, na hakuna anayezisoma kama tangazo la vita. NEC imelifanya jambo hili kuwa wajibu wa pande zote mbili: kifungu chake cha 10 kinawataka wahusika watende kwa moyo wa kuaminiana na kushirikiana, na utaratibu wa tahadhari ya mapema unamlazimu mkandarasi na meneja pia kutangaza jambo lolote linaloweza kuongeza gharama au kuchelewesha kazi. Mkandarasi asiyetoa tahadhari ambayo mkandarasi mzoefu angeitoa, tukio lake la fidia hukadiriwa kana kwamba aliitoa, na hivyo gharama ambazo zingeepukika hubaki kwake.

Kwa maoni yangu, basi, kati ya njia hizi mbili uchaguzi ni mwepesi, ila kwa tahadhari moja. Notisi dhaifu zikiwa nyingi huifunika ile yenye nguvu. Meneja aliyepokea barua thelathini kuhusu mvua ya kawaida na barabara yenye vumbi hataiona ile ya michoro, na bodi itakayosoma jalada zima itamweka mwandishi wake katika kundi la wanaolalamikia kila kitu. Jambo dogo ambalo gharama ya kulifuatilia inazidi thamani yake liandikwe katika shajara na kuachwa hapo. Kosa ambalo kwa hakika ni la mkandarasi lisitungiwe notisi kabisa.

Agizo la mdomo: kutii, kukataa au kuthibitisha

Hapa ndipo lawama nyingi huzaliwa, na ndipo penye tiba rahisi kuliko zote. Anayetii agizo la mdomo bila kuandika chochote anabeba hatari mara mbili, kwa kuwa anaweza kunyimwa malipo ya kazi ya ziada na bado akalaumiwa kwa kwenda kinyume cha michoro. Anayekataa katakata hadi apate barua anaweza kuwa na haki kisheria, lakini anasimamisha kazi ambayo pengine ilikuwa ya lazima, na anampa meneja hoja ya kwamba mkandarasi hatoi ushirikiano.

Njia ya tatu ni kuthibitisha. Kifungu cha 3.3 cha FIDIC ya 1999 kinasema kwamba mkandarasi akiandika uthibitisho wa agizo la mdomo ndani ya siku mbili za kazi, na Mhandisi asiukatae kwa maandishi wala kutoa agizo jingine ndani ya siku mbili za kazi baada ya kuupokea, basi uthibitisho huo unahesabika kuwa agizo la maandishi la Mhandisi mwenyewe. Ni kifungu kifupi, na nashangaa jinsi kinavyosahaulika: kinaugeuza ukimya wa meneja, ambao kwa kawaida humwumiza mkandarasi, kuwa saini. NEC inafika mahali hapo hapo kwa njia nyingine, kwani inataka kila agizo litolewe katika namna inayoweza kusomwa, kunakiliwa na kuhifadhiwa, hivyo agizo la mdomo halitambuliki hadi liandikwe. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika saiti mali ya kwanza kupotea ni kazi ya ziada.

Ujumbe wa simu katika kundi la mradi ni afadhali kuliko kutokuwa na kitu, lakini kama unahesabika kuwa mawasiliano rasmi ni jambo la kifungu cha mawasiliano katika mkataba wenyewe. Ni busara kuunakili katika barua siku hiyo hiyo. Pale tu penye hatari kwa maisha ya watu ndipo utaratibu hubadilika: hapo agizo linatiiwa kwanza, na barua inaandikwa kabla ya jioni.

Mazungumzo ya faragha dhidi ya kwenda kwa mwenye mradi

Mazungumzo ya watu wawili ni ya bei nafuu, ya haraka, na hayaachi kidonda yakishindikana. Yanafaa zaidi kwa meneja anayelaumu kwa sababu naye anabanwa, na swali lenye tija kwake ni moja: anahitaji karatasi gani ili aweze kuamua? Mara nyingi jibu linashangaza, kwa sababu meneja hana mamlaka ya kuidhinisha gharama bila ridhaa ya juu, na anachokosa ni barua ya mkandarasi atakayoipeleka huko kama ushahidi kwamba uamuzi hauwezi kuahirishwa tena. Katika hali hiyo notisi iliyoogopwa kwamba itaharibu uhusiano ndiyo inayomwokoa meneja. Ni vyema kwenda katika mazungumzo na orodha fupi ya maamuzi yanayosubiriwa na tarehe zake, na kutuma muhtasari wa kilichokubaliwa mara baada ya kuachana. Hata hivyo mazungumzo yana upungufu mmoja usiosameheka: hayasimamishi saa. Siku 28 zinaendelea kuhesabiwa wakati watu wanasikilizana vizuri, na kwa sababu hiyo mazungumzo yanapaswa kwenda sambamba na notisi, wala si kuchukua nafasi yake. Kubishana katika kikao cha saiti mbele ya mwenye mradi ni jambo lililo tofauti kabisa na mazungumzo, kwa kuwa meneja aliyeumbuliwa hadharani hulazimika kulinda heshima yake, naye huilinda kwa kulaumu zaidi.

Kwenda kwa mwenye mradi kuna mvuto kwa sababu yeye ndiye mwenye fedha. Lakini yeye ndiye aliyemwajiri meneja na ndiye anayemlipa, na dhana yake ya kwanza itakuwa kwamba mkandarasi anatafuta visingizio. Njia hii inafaa pale malipo yaliyoidhinishwa yamechelewa, pale ambapo jambo limevuka mamlaka ya meneja, au pale barua kadhaa zimekaa bila majibu. Inapotumika, meneja apewe nakala, barua iwe ya ukurasa mmoja, na iombe uamuzi badala ya adhabu. Kumwandikia mwenye mradi kwamba mtu huyu hafai ni kumlazimisha achague upande. Kumwandikia kwamba maamuzi manne yamesubiriwa tangu tarehe fulani na kila wiki inaongeza gharama ya winchi iliyosimama ni kumpa kitu cha kufanya. Meneja anayedai rushwa hayumo katika ulinganisho huu. Hilo ni kosa la jinai, na linahitaji ushahidi uliotunzwa na mwanasheria, si mbinu za kuelewana.

Kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu ambayo wengi huiruka. Katika FIDIC, Mhandisi ana kofia mbili: kwa shughuli za kila siku anamtumikia mwenye mradi, lakini anapoamua madai anatakiwa awe mwenye haki chini ya kifungu cha 3.5 cha toleo la 1999, na asiyeegemea upande chini ya kifungu cha 3.7 cha toleo la 2017. Toleo hilo la pili linampa siku 42 za kuzikutanisha pande mbili zikubaliane, na siku nyingine 42 za kutoa uamuzi wake iwapo hazikukubaliana; asipoutoa, madai yanahesabika kuwa yamekataliwa, na mlango wa bodi unafunguka. Kumwomba meneja rasmi atoe uamuzi chini ya kifungu hicho kunamtoa katika nafasi ya mlaumu na kumweka katika nafasi ya mwamuzi ambaye sababu zake zitasomwa na wengine. Watu huandika kwa uangalifu zaidi wanapojua hivyo. NEC nayo haimwachi meneja akae kimya: asipojibu taarifa ya tukio la fidia kwa wakati, mkandarasi anamjulisha kwamba hajajibu, na wiki mbili baadaye ukimya wake unahesabika kuwa ni kukubali.

Bodi, mwamuzi, usuluhishi

Upatanishi ni wa haraka na wa siri, na unafaa kwa pande zinazotaka kuendelea kufanya kazi pamoja, lakini haumlazimishi mtu yeyote. Bodi ya kutatua migogoro ya FIDIC, yenye mjumbe mmoja au watatu ambao gharama yao hugawanywa nusu kwa nusu, hutoa uamuzi ndani ya siku 84, na uamuzi huo unapaswa kutekelezwa mara moja hata kama upande mmoja umetoa notisi ya kutoridhika ndani ya siku 28 zinazofuata. Usuluhishi (arbitration) huja baada ya hapo. Ni mrefu na wa gharama kubwa, ingawa tuzo yake, yaani hukumu ya msuluhishi, ina nguvu ya kuvuka mipaka kwa sababu ya Mkataba wa New York wa 1958. Katika baadhi ya nchi sheria yenyewe inampa mkandarasi njia ya haraka kuliko hizi: Uingereza kwa sheria ya mwaka 1996 ilianzisha uamuzi wa siku 28 katika mikataba ya ujenzi, na sheria za mwelekeo huo zilifuata New South Wales huko Australia mwaka 1999, New Zealand mwaka 2002, Singapore mwaka 2004 na Malaysia mwaka 2012. Msingi wake ni kwamba anayedaiwa alipe kwanza, ubishi uendelee baadaye.

Kwa migogoro ya lawama za ucheleweshaji, ninaipa bodi nafasi ya kwanza mbele ya usuluhishi, kwa sababu bodi iliyoundwa tangu mwanzo hutembelea saiti wakati mitaro ingali na maji na kuta zinazodaiwa kuwa mbovu bado hazijapigwa plasta. Msuluhishi anayekuja miaka mitatu baadaye anasoma karatasi tu. Kwa bahati mbaya bodi ndiyo wenye mradi wengi hupenda kuifuta katika masharti maalumu kwa kisingizio cha kuokoa gharama, na mkandarasi anayegundua hivyo katikati ya mgogoro amechelewa. Jambo hilo hutazamwa kabla ya kusaini.

Yeyote atakayeamua atataka kuona ratiba ya awali na zilizorekebishwa, shajara, picha zenye tarehe na notisi. Pia atauliza ni ucheleweshaji upi ulikuwa wa mkandarasi mwenyewe. Mwongozo wa Chama cha Sheria ya Ujenzi cha Uingereza, uliotolewa mwaka 2002 na kurekebishwa mwaka 2017, unaeleza kwamba pale sababu ya mwenye mradi na sababu ya mkandarasi zinapochelewesha kazi kwa wakati mmoja, mkandarasi apate nyongeza ya muda, lakini fedha apate tu kwa gharama anazoweza kuzitenganisha na zile zilizosababishwa na yeye mwenyewe. Anayezitenga wiki zake mbili za kuchelewesha katika hesabu huaminiwa kwa urahisi zaidi kuhusu tano zilizobaki.

Kusimamisha kazi dhidi ya kuendelea huku ukidai

Hasira humwelekeza mkandarasi kufunga geti. Mkataba unaruhusu hilo kwa sababu finyu. Chini ya kifungu cha 16.1 cha FIDIC, anaweza kusimamisha au kupunguza kasi ya kazi baada ya notisi ya siku zisizopungua 21, hasa iwapo Mhandisi hajatoa hati ya malipo au mwenye mradi hajalipa. Lawama zisizo za haki, lugha ya dharau na muhtasari wa kikao uliopotoshwa havimo. Sheria ya Uingereza niliyoitaja inaruhusu kusimamisha kazi kwa notisi ya siku saba, nayo pia ni kwa kutolipwa. Anayesimamisha kihalali analipwa muda na gharama za kusimama. Anayesimamisha kimakosa anaweza kuhesabiwa kuwa ametelekeza mradi, akavunjiwa mkataba kwa notisi ya siku 14, dhamana yake ya utendaji ikachukuliwa, na mkandarasi mwingine akaletwa amalizie kwa gharama yake. Kwa maneno mengine, meneja aliyekuwa akitafuta wa kulaumiwa amempata, tena kwa maandishi.

Kuendelea huku ukidai kunaumiza mfuko, lakini malipo yanayochelewa yanazaa riba: FIDIC ya 1999 inaiweka asilimia tatu juu ya kiwango cha punguzo (riba ambayo benki kuu huzitoza benki nyingine) cha benki kuu ya nchi yenye sarafu ya malipo. Uamuzi hapa unategemea fedha taslimu kuliko haki. Mkandarasi anayeweza kulipa mishahara ya miezi miwili ijayo aendelee na adai. Asiyeweza atoe notisi ya kusimamisha mapema, kwa kuwa siku 21 ni nyingi kwa mtu ambaye akaunti yake imekauka, na mara nyingi notisi yenyewe huleta malipo kabla ya siku kwisha.

Kwa mkandarasi mdogo

Wapiganapo tembo nyasi huumia, na katika saiti nyasi ni mkandarasi mdogo, yaani yule aliyepewa sehemu ya kazi na mkandarasi mkuu. Yeye hana mkataba na mwenye mradi wala na meneja wake, hivyo nusu ya njia zilizotajwa hazimhusu: kila neno lake hupitia kwa mkandarasi mkuu, ambaye anaweza kuwa naye anatafuta wa kumtwisha lawama. Muda wake wa notisi huwa mfupi kuliko siku 28, kwa kuwa mkuu anahitaji siku za kuipitisha juu. Kifungu kinachosema atalipwa pale tu mkuu atakapolipwa kilikatazwa Uingereza na sheria ile ya 1996, isipokuwa pale aliye juu amefilisika, lakini kwingineko mara nyingi kinabaki halali. Kati ya kunyamaza na kuandika, yeye ndiye mwenye sababu nyingi zaidi za kuandika.

Kuomba meneja abadilishwe

Mkandarasi hana haki ya kumchagulia mwenye mradi meneja wake. FIDIC inampa kidogo tu: mwenye mradi akitaka kumbadilisha Mhandisi, amjulishe mkandarasi siku zisizopungua 42 kabla, na mkandarasi anaweza kumpinga mrithi kwa sababu za msingi. Ombi la kumwondoa aliyepo lina uzito likiambatana na kumbukumbu za maamuzi yaliyokwama, na halina uzito wowote likiwa ni suala la tabia. Hata likikubaliwa, faida yake ni ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwani meneja mpya hurithi majalada na hafungwi na ahadi za mdomo za mtangulizi wake. Siku hizo 42 zitumike kumpelekea anayeondoka orodha ya maagizo ambayo hayajathibitishwa, vipimo vilivyokubaliwa na madai yaliyo wazi, na kumwomba asaini kila mstari au aukatae. Hata meneja aliyekuwa mzito wa kalamu kwa mwaka mzima huwa mwepesi wakati huo, kwa sababu gharama za mradi hazitasomwa tena chini ya jina lake.